Singe ya Kukunja

Zaluzhe, 7 Aprili 1974

Shemeji yangu Yazep,

Salamu nyingi kwako na kwa Marila. Kabla sijasema lolote niulizie mgongo wako. Uliondoka hapa siku ya arobaini ya mdogo wako Lavon umejipinda kama mundu, nikamwambia Zosia, baba yako mkubwa atajuaje kituo cha kushukia ikiwa hawezi kuinua kichwa asome kibao. Natumaini umenyooka.

Sisi ni wazima. Theluji imekwisha, limebaki tope, na juzi tope lilimvua Zosia kiatu mbele ya duka. Watu wakamcheka, naye akacheka nao. Ng'ombe amezaa ndama jike. Ndege wamerudi kwenye kile kisanduku alichokitundika Lavon juu ya mti wa uani. Nilisimama kuwatazama mpaka uji ukaungua. Kijiko chake bado kiko mezani, kile chenye alama za meno, maana alikuwa akikiuma akiwa na mawazo. Sijui nikiweke wapi, basi kinakaa palepale.

Zosia amechumbiwa. Ni Symon, mtoto wa Kuzma seremala. Kuzma unamjua, ndiye yule mrefu aliyeshika jeneza mbele upande wa kushoto. Washenga wakaanza na maneno yao ya siku zote, kwamba wamepotelewa na mtamba na nyayo zimeishia mlangoni petu. Zosia akajibu kutoka nyuma ya tanuri, "Mtamba huyo anasomea uuguzi, mje na nyasi za kutosha."

Kuzma hakucheka, si mtu wa kucheka. Mama yake na dada zake walichomwa ndani ya ghala kiangazi cha 1943, yeye akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, na waliochoma hawakuwa Wajerumani peke yao. Walikuwamo mgambo wa kwetu, wale wa kitambaa cheupe mkononi, walioletwa kutoka wilaya za mbali hata hakuna aliyewajua sura. Siku ile ya uchumba alisema mezani, "Mimi sitaki masanduku ya nguo wala sherehe kubwa. Nataka kujua tu naungana na watu gani. Lavon nilimjua, inatosha."

Harusi ilikuwa iwe baada ya Pasaka. Nimeomba isogezwe. Nimesema bado naomboleza.

Kuna jambo dogo nataka kukuuliza, kwa kuwa kazi yako ndiyo hiyo, kutunza bunduki za sinema. Ipo bunduki moja fupi, na ubavuni mwa mtutu wake kimelazwa kitu kama mkuki mwembamba, kilichokunjwa kurudi nyuma. Ni bunduki ya kina nani ile, na watu walianza kuibeba lini? Naulizia tu.

Shemeji yako,
Tekla


Minsk, 30 Aprili 1974

Shemeji Tekla,

Mgongo umenyooka kiasi cha kuniwezesha kufunga kamba za viatu. Marila ananisugua kila jioni kwa mafuta ya bata bukini, hata kwenye basi watu wananusa na kuulizana leo ni sikukuu gani. Yeye hajambo, anakusalimu, anauliza kama ulipata zile mbegu za matango.

Mpe Zosia hongera. Mwambie baba yake mkubwa amesema nyasi ni nyasi tu, aangalie pia kama zizi halivuji.

Umeandika unaulizia tu. Shemeji, katika maisha yangu nimekaa na wajane wengi wa vita na wa amani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniulizia tu habari za singe. Ndiyo, huo si mkuki, ni singe, na inakunjwa upande wa kulia wa mtutu. Ni bunduki ya jeshi letu. Ilianza kugawiwa mwanzoni mwa 1944, wakati Wajerumani wameshaanza kutafuta njia ya kurudi kwao. Mimi ya kwangu niliipata tumeshapita huku kwetu, tunaelekea Prussia. Kabla ya hapo sote tulibeba ile ndefu.

Umeiona wapi? Huko kwenu watu wanawinda sungura kwa fimbo.

Mwaka huu tuna filamu nyingine ya wapiganaji wa msituni. Mwongozaji ni kijana, anataka kila bunduki itoe moshi mwingi. Namwambia bunduki ikitoa moshi kiasi hicho hata adui anakuonea huruma.

Nimelikumbuka kaburi. Udongo ukitulia nitakuja tuweke jiwe.

Yazep


Zaluzhe, 16 Mei 1974

Shemeji Yazep,

Mbegu nilizipata, zimeota vizuri, mwambie Marila asante. Baridi ya juzi ilitaka kuziua, nikazifunika kwa koti la Lavon. Nilipolitoa asubuhi lilikuwa limelowa umande, nikaliweka juani kama mtu aliyerudi kutoka safari.

Sasa nitakuambia, maana sina mtu mwingine.

Mwezi wa tatu nilikuwa nagawa nguo zake. Kofia ya manyoya nilitaka kumpa mzee wa posta, nikaona bitana imefumuka, nikachukua sindano. Ndani ya bitana mlikuwa na picha. Wanaume watatu mbele ya ghala, makoti meusi, vitambaa vyeupe mikononi, kila mmoja na bunduki ile niliyokuulizia. Wa kushoto ni Lavon. Ni kijana, lakini ni yeye, sikio lake lile la kutoka nje. Anatabasamu.

Unajua mimi sikumjua kabla ya 1952. Alikuja kwetu akahamia nyumbani kwa wazazi wangu, watu wakamwita mume wa kuletwa na mkokoteni, naye hakukasirika hata siku moja. Habari za vita aliniambia mara moja tu, kwamba alikuwa kwenye kinamasi na mama yenu, wakila mizizi, hadi jeshi lilipokuja. Sikuuliza tena. Nani alikuwa akiuliza? Sasa mama yenu amekufa. Wewe ulikuwa vitani, huwezi kuniapia kitu ambacho hukukiona. Hakuna aliyebaki wa kumuuliza ila bunduki.

Na mimi namwoza binti yangu nyumbani kwa Kuzma. Nikinyamaza, Kuzma atawashika wajukuu wa mtu aliyevaa kitambaa kile bila kujua. Nikisema, Zosia hana mume, wala hana kaburi la baba la kusimama mbele yake. Siku ya kuwakumbuka wafu watu wote walikwenda makaburini na mayai na vileo. Mimi nilisema kichwa kinaniuma.

Uliniandikia 1944. Nilisoma mwaka huo nikakaa chini, maana kama ni hivyo mgambo wasingeweza kuishika. Baadaye nikawaza, Yazep ana moyo laini, ameniona nina mashaka akaniandikia mwaka wa kunifariji. Au mimi nimeeleza vibaya, na hii ni bunduki nyingine kabisa.

Picha siwezi kuituma. Barua hupita mikono mingi. Lakini nimeweka karatasi nyembamba juu ya picha, nikaibandika dirishani penye mwanga, nikachora bunduki peke yake. Mtu sikumchora. Itazame vizuri, unijibu kama fundi, si kama ndugu.

Tekla


Zaluzhe, 23 Juni 1974

Shemeji,

Salamu. Matango yametoa maua. Ndama amepewa jina Zorka.

Hujajibu. Nimekwenda posta kila siku ya gari la barua, hadi mzee yule ananiambia, "Tekla, kama ni mchumba, mwache. Mwanaume asiyeandika mwezi mzima ameshaoa." Nikamwambia ni shemeji yangu. Akasema, "Basi ana deni lako."

Zosia hasemi na mimi vizuri. Jana alikuwa anamenya viazi, akatupa kisu ndani ya ndoo.

"Mama, kama humtaki Symon, sema."

"Namtaka."

"Humtaki Kuzma, basi."

"Kuzma ni mtu mwema kuliko wengi."

"Sasa ni nini? Unaomboleza? Mbona nyumba ya baba umeipaka chokaa, umepanda matango, umempa ndama jina? Unaomboleza kwenye harusi yangu tu?"

Nikatoa kisu ndooni, nikaendelea kumenya mimi.

Kuzma naye alipita Jumapili. Alisimama langoni, hakutaka kuingia. Alisema, "Tekla, kama kuna mtu wa kwetu amekukosea, niambie tumalize." Nikasema hakuna. Akatikisa kichwa akaenda zake, na mimi nikabaki nimeshika lango.

Kama mchoro umekuonesha jambo baya, niandikie hivyo hivyo. Kimya chako ni kizito kuliko habari yoyote.

Tekla


Minsk, 9 Julai 1974

Shemeji yangu Tekla,

Nisamehe. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa safarini. Barua yako niliiweka kazini ndani ya kasha la risasi za sauti, zile zisizoua, na kila asubuhi nikifungua kasha naikuta inaningoja. Nilikuwa nimeapa mbele ya mama, nimeshika mkate, kwamba habari hii sitaitoa. Marila ndiye aliyenipa akili. Alisema, "Mama yenu yuko kaburini. Tekla yuko jikoni. Kati yao ni nani anayengoja?" Halafu akakataa kunisugua mgongo mpaka niandike. Kwa hiyo naandika nikiwa nimejipinda.

Nakujibu kwanza kama fundi, ulivyotaka. Bunduki uliyoichora ni ileile niliyokueleza. Singe ya kukunja, mtutu mfupi, pete ya pili karibu na mdomo. Kabla jeshi letu halijafika hapa mwaka 1944, haikuwako mikononi mwa mtu yeyote huku kwetu, si mpiganaji wa msituni, si mgambo. Mgambo walibeba zile ndefu walizookota kwa askari wetu waliotekwa, au za Kijerumani. Mtu aliyevaa kitambaa kile huku ameshika bunduki hii hakuwa vitani. Alikuwa kwenye sinema.

Na si bunduki ya aina hiyo tu. Ni bunduki hiyo moja. Umechora mkanda wake umefungwa kwenye mti wa bunduki kwa kitu kama kamba, pamezungushwa mara nyingi na ncha zimesimama juu kama masharubu. Ule ni waya wa simu. Nilifunga mimi kwa mikono yangu, kwa sababu vishikizo vya ngozi vilipotea.

Ilikuwa kiangazi cha 1951. Studio ilikuja kupiga filamu kijijini kwetu, kwa sababu maghala yetu yalikuwa bado ya zamani. Mimi nilikuwa ndio nimeanza kazi. Jeshi lilituazima bunduki, zote hizo fupi, hawakuwa na nyingine za kutupa. Siku ya tatu mshauri wa jeshi akafika, meja mmoja mwenye shingo nyekundu, akawatazama mgambo wetu wamejipanga, akasema, "Nani amewapa wasaliti bunduki za washindi?" Mwongozaji akasema hatuna nyingine, basi wazifunike singe kwa viganja kadiri wanavyoweza. Ndiyo maana nadhani Lavon kwenye picha ameshika mtutu kama anayemkaba jogoo.

Watu wa kujazia walitoka kijijini. Kuwa mpiganaji wa msituni, kila mtu alitaka. Kuwa mgambo, hakuna hata mmoja. Wakapiga kura kwa njiti za kiberiti ndani ya kofia, aliyetoa njiti fupi avae kitambaa. Lavon alitoa ndefu. Njiti fupi ilimwangukia Kandrat, jirani yetu, ambaye mgambo walimwachia nyumba tu, watu wote wa ndani hawakubaki. Kandrat alisimama pale na njiti mkononi. Lavon akamwendea akasema, "Wee Kandrat, njiti yangu imevunjika, nipe hiyo nichokonolee meno." Akaichukua. Akampa ndefu. Akaenda kuvaa.

Bibi Ulyana wa nyumba ya mwisho hakujua habari za sinema. Alikuwa anatoka kisimani, akamwona mtu wa kitambaa cheupe anakuja njiani, akavua mti wa kubebea ndoo begani akampiga nao usoni. Lile kovu la Lavon juu ya nyusi ndilo hilo. Sijui wewe alikuambia nini.

Alipofika nyumbani damu inamtoka na nguo zile mwilini, mama hakumfungulia. Dada yake mama alichomwa, unajua. Alisema kupitia dirishani, "Sitaki kusikia kwa nini." Akatuapisha wote wawili kwamba habari hiyo isitajwe tena. Lavon angeweza kusema ni kwa ajili ya Kandrat. Hakusema, maana ingemrudia Kandrat, watu wangemuuliza. Mwaka uliofuata akaja kwenu, nadhani uliona ni kwa ajili ya macho yako tu. Ilikuwa ni kwa ajili ya macho yako pia.

Filamu yenyewe haikuoneshwa popote. Mkubwa mmoja aliitazama akasema mwisho wake hauna furaha ya kutosha, ikawekwa rafuni. Kwa hiyo usingeweza kuijua.

Sasa fanya hivi. Picha ile ilipigwa katikati ya kazi, siku mgambo wanapomnyang'anya mjane ng'ombe. Ng'ombe alikuwa wa mama, Krasulya, kichwa nusu cheupe. Wewe hukuniandikia kuna ng'ombe. Tazama upande wa kulia. Kama hayupo, basi hiyo si picha ninayoidhania, na nitapanda treni kuja kuitazama mwenyewe. Kama yupo, utamwona na mtu anayemshika. Mtu huyo simtaji jina.

Yazep


Zaluzhe, 11 Agosti 1974

Shemeji yangu mpenzi Yazep,

Msalimu Marila, na mwambie akusugue sasa, hata mara mbili. Nimemtumia mtungi wa matango ya chumvi kwa dereva wa maziwa. Kwa umri wako usiyale yote kwa siku moja.

Nilipoisoma barua yako nilitoa picha nikaitazama upande wa kulia. Ng'ombe hayupo. Halafu nikapitisha kidole pembeni nikasikia pana unene. Ukingo ulikuwa umekunjwa kwa nyuma ili uingie kwenye kofia, na jasho la miaka yote hiyo limeugandisha kama gundi. Nikachemsha birika, nikaishikilia juu ya mvuke, nikawa naufungua polepole kwa ncha ya sindano.

Kwanza likatokea sikio. Kisha uso wa ng'ombe, nusu mweupe. Kisha mkono wa mtu unampa kipande cha mkate ili atulie. Kisha mtu mwenyewe, amevaa fulana na kofia aliyoikunja kwa gazeti, amefinya macho kwa jua. Ni wewe, shemeji. Una nywele.

Nilicheka mpaka Zosia akaja mbio akidhani nalia, na kwa kweli nilikuwa nalia pia. Nikamwambia yote. Alishika picha, akasema, "Mama, miezi yote hii ulikuwa unamhukumu baba kwa nguo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi nikadhani ni Symon na miguu yake iliyopinda." Halafu akamtazama baba yake tena, akasema, "Mbona anatabasamu, na amevaa nguo zile?" Nikamwambia, nani asingetabasamu, anakutazama wewe na kofia ya gazeti unambembeleza ng'ombe.

Kovu aliniambia ni mlango wa ghala. Miaka ishirini na zaidi nimekuwa nikilipaka siagi likikauka wakati wa baridi, na kumwambia awe anaangalia milango. Alikuwa akijibu, "Nitaangalia."

Ningeweza kuishia hapo. Zosia alitaka tuishie hapo. Lakini Kuzma aliuliza anaungana na watu gani, na nikaona kama nitamficha picha, siku moja mtu mwingine ataitoa mahali fulani nami sitakuwapo kueleza. Basi Jumamosi nikamwita. Nikaweka mkate, jibini, na ile chupa ya gongo aliyoiacha Lavon. Nikaweka picha mezani mbele yake kabla hajamega.

Aliitazama muda mrefu. Nilitaka macho yake yaseme yenyewe kwanza, kabla ya barua yako. Uso wake ulikuwa mweupe, na mkono mmoja ulikuwa umeshika ukingo wa meza.

Akasema, "Hawa si wao."

Nikamuuliza amejuaje.

"Nilikuwa nimelala kwenye shamba la kitani. Kilikuwa kirefu, kilinifunika. Walipita karibu nami, nikaona kwanza mitutu, inapita juu ya kofia zao kama miti ya kupandishia maharage. Ndefu. Nimeiota bunduki ile maisha yangu yote, siwezi kuikosea. Hivi vidude ni vifupi." Akaweka kidole juu ya kofia ya Lavon. "Na kofia hii mtu wao asingeivaa hivi, imeinamia sikio. Wale walikuwa wanajipenda. Huyu amevalishwa."

Ndipo nikamsomea barua yako, yote, pamoja na Kandrat na njiti. Nilipofika kwa Kandrat aliniambia nirudie. Nikarudia. Akainuka akaenda dirishani akasimama ametupa mgongo. Zosia akaanza kuondoa sahani, maana hakujua la kufanya na mikono.

Aliporudi kukaa akaichukua picha, akaiegemeza kwenye mkate isimame, uso ukitazama meza, kama mtu aliyekaribishwa. Akasema, "Mimina, Tekla." Nikamimina, akaweka kikombe kimoja mbele ya picha. Tulikunywa bila kugonganisha vikombe, kama inavyonywewa kwa marehemu.

Halafu akamwambia Zosia, na hii ndiyo mara ya kwanza nimemwona mzee yule anataka kucheka, "Haya, bibi muuguzi. Harusi iwe kabla ya viazi au baada ya viazi?"

Zosia akasema, "Kabla. Nimengoja vya kutosha."

Kuzma akasema, "Kabla ya viazi hakuna mtu atakayekuja, wote mashambani. Utaolewa mbele ya kuku."

"Kuku hawasengenyi," Zosia akasema.

Nikawaambia baada ya viazi, Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, na hapo nikajua kwamba nimesema tarehe kwa sauti yangu mwenyewe. Wewe utakaa upande wa baba na kuwabariki kwa mkate. Jana nilikwenda makaburini peke yangu, nikang'oa magugu, nikamwambia Lavon ni nani atakayekaa mahali pake, nikakaa naye mpaka jua likaingia nyuma ya msitu, tukiwa hatuna la kufichana.

Shemeji yako,
Tekla